Mpasuko wa ULIMO: hesabu ya vikundi vya waasi Liberia

Gogo la mninga hupasuka kwa kufuata nyuzi zake, lakini ukiulizwa limepasuliwa na nini, utajibu shoka. Katika habari za vita za Afrika tunaichanganya mno tofauti hiyo. Tunaona vikundi viwili vinavyopigana ni vya makabila mawili, basi tunahitimisha kwamba kabila ndilo lililovigombanisha. Leo tulichunguze hitimisho hilo polepole, kwa mfano mmoja: kikundi cha waasi wa Liberia kilichoitwa ULIMO, ambacho mwaka 1994 kiligawanyika, Wakrahn upande huu na Wamandingo upande ule, wakaanza kuuana.

Kwanza tujue walikotoka. Liberia ilijitangazia uhuru mwaka 1847, na kwa zaidi ya karne moja ilitawaliwa na uzao wa watu weusi waliohamia kutoka Marekani. Tarehe 12 Aprili 1980 sajini mmoja, Samuel Doe, Mkrahn wa Grand Gedeh, alipindua serikali na Rais William Tolbert akauawa. Doe aliwapa Wakrahn wenzake nafasi nyeti jeshini. Mwaka 1985 Thomas Quiwonkpa, Mgio wa Nimba, alijaribu kumpindua akashindwa, na askari wa Doe wakawamwagia hasira Wagio na Wamano wa kawaida ambao hawakujua lolote kuhusu njama ile. Kwa hiyo Charles Taylor alipovuka mpaka kutoka Côte d'Ivoire mkesha wa Krismasi wa 1989, akiongoza kundi lake la NPFL, vijana wa Nimba walimjia bila kubembelezwa. Nao walilipiza kisasi. Wakrahn waliuawa kwa sababu Doe alikuwa Mkrahn. Wamandingo waliuawa kwa sababu walionekana kuwa marafiki wa Doe, na kwa sababu majirani zao wengi waliwahesabu kuwa wageni kutoka Guinea, hata wale ambao mababu zao walizikwa Liberia.

Waliosalimika walikimbilia Sierra Leone na Guinea. Huko, mwaka 1991, ndiko ULIMO ilikoundwa, na jina lake kamili lilimaanisha Harakati ya Umoja ya Ukombozi wa Liberia kwa ajili ya Demokrasia. Neno umoja lilikuwa na kazi ngumu. Wakrahn na Wamandingo hawakuwa na lugha ya asili moja: Kikrahn ni cha jamii ya lugha za Kikru, Kimandingo ni cha jamii ya Kimande. Wamandingo wengi ni Waislamu, Wakrahn wengi si Waislamu. Kwa idadi, kila upande ulikuwa kama asilimia 4 au 5 tu ya watu takriban milioni 2.1 waliohesabiwa nchini mwaka 1984. Lakini kila upande ulikuwa na kitu ambacho mwenzake hakuwa nacho. Wakrahn walikuwa na askari waliofunzwa, mabaki ya jeshi la Doe, aliyekuwa ameuawa mwaka 1990. Wamandingo walikuwa na pesa za biashara, mitandao inayovuka mipaka, na ndugu wenye sauti nchini Guinea. Askari bila pesa hushindwa, na pesa bila askari huporwa.

Hapa tayari tuna kipimo cha kwanza. Kama tofauti ya kabila inatosha kuvunja kikundi, ULIMO ilipaswa kuvunjika wiki ileile ilipozaliwa. Haikuvunjika. Manung'uniko hayakukosekana, lakini tangu 1991 hadi mwanzoni mwa 1994 pande hizo mbili zilipigana bega kwa bega, kwanza Sierra Leone dhidi ya waasi wa RUF, kisha magharibi mwa Liberia, ambako mwaka 1992 zilimfukuza Taylor kutoka Bomi, Grand Cape Mount na sehemu za Lofa. Tofauti za lugha na dini zilikuwa zilezile mwaka 1991 na mwaka 1994. Na jambo lisilobadilika haliwezi, peke yake, kueleza jambo lililobadilika. Hiyo ni kanuni ya msingi katika kila sayansi, iwe ya mimea au ya siasa. Tutafute kilichobadilika.

Ili tukipate, tuiache Liberia kidogo, tuchukue karatasi na kalamu.

Tuseme kuna makundi matatu yenye nguvu sawa. Tuyaite A, B na C. Kuna vyeo 12 vya kugawana, na mawili yakiungana yanalishinda la tatu. Ugawaji wa haki ni vyeo 4 kwa kila kundi. Je, utadumu? A na B wanaweza kuketi pembeni wakaambiana: tumtoe C, tupate 6 kila mmoja. Wote wawili wanapata zaidi, kwa hiyo wanafanya hivyo. C, aliyebaki mikono mitupu, anamwendea A: mwache B, nitakupa 8, mimi nitosheke na 4. A anakubali. Sasa B ndiye hana kitu, naye anamwendea C: hapo una 4, njoo kwangu nikupe 7, mimi nichukue 5. C anahama. A anabaki sifuri, anaanza kumbembeleza B.

Mchezo huu hauna mwisho, na tunaweza kulithibitisha hilo kwa hatua chache. Chukua ugawaji wowote wa vyeo 12. Lazima kuwe na angalau kundi moja lenye vyeo 4 au zaidi, maana yote matatu yakiwa na chini ya 4 jumla haifiki 12. Basi makundi mawili yaliyobaki yana, kwa pamoja, vyeo visivyozidi 8. Lakini yakiungana yanaweza kuchukua vyote 12 na kila moja likaongeza kitu. Kwa hiyo hakuna ugawaji hata mmoja ambao hauna makundi mawili yenye sababu ya kuuvunja. John von Neumann na Oskar Morgenstern waliuchambua mchezo wa aina hii katika kitabu chao cha 1944 kilichoanzisha nadharia ya michezo. Wanahisabati husema mchezo huu hauna kiini, yaani hauna mahali pa kutulia.

Ukiangalia vizuri, hatukutaja kabila popote, wala chuki wala historia. Tuliweka mambo mawili tu: kitu cha kugawana, na ukosefu wa mtu wa kulazimisha ahadi itimizwe. Hilo la pili ndilo zito. Nyumbani kwetu A na B wakiandikiana mkataba, kuna mahakama. Katika vita hakuna. Ahadi ya mtu mwenye bunduki inadumu kadiri inavyomfaa yeye kuitunza. Wataalamu huliita hili tatizo la ahadi, na James Fearon wa Chuo Kikuu cha Stanford ndiye aliyelieleza kwa umakini, mwaka 1995, kama mojawapo ya sababu za watu wenye akili timamu kuingia vitani ilhali vita vinawagharimu wote.

Sasa turudishe adui ndani ya hesabu. Tuseme nje yuko D, na D akiwashika A na B anawaua wote. Vyeo havipo bado, kilichopo ni uhai. Kila upande ukimsaliti mwenzake unapata sifuri, pengine chini ya sifuri. Katika hali hiyo ahadi hazihitaji mahakama, kwa kuwa D mwenyewe ndiye hakimu. Hivyo ndivyo ULIMO ilivyoshikamana 1991 na 1992. Taylor alikuwa gundi yao, ingawa sidhani kama angefurahi kuitwa hivyo.

Kisha amani ikaja. Tarehe 25 Julai 1993 mkataba ulitiwa saini Cotonou, Benin, na waliosaini walikuwa watatu: serikali ya muda ya Amos Sawyer, NPFL ya Taylor, na ULIMO. Mapigano yasitishwe, jeshi la ECOMOG la nchi za Afrika Magharibi pamoja na waangalizi wa Umoja wa Mataifa wasimamie, serikali ya mpito iundwe. Vyeo vya kugawana vikapatikana, vikiwa na majina na ofisi: viti katika Baraza la Taifa la watu watano, wizara, mashirika ya umma. Na D, aliyekuwa akiwashikamanisha, akarudi nyuma hatua kadhaa chini ya macho ya ECOMOG.

Serikali hiyo ya mpito iliapishwa Machi 1994. Mwezi huohuo ULIMO ilipasuka. Ugomvi ulikuwa juu ya nani ateuliwe kushika nafasi za ULIMO. Alhaji Kromah, Mmandingo aliyewahi kuwa waziri wa habari wa Doe, alitaka uamuzi uwe wake. Roosevelt Johnson, kamanda wa Wakrahn, alisema Wakrahn wanapunjwa. Risasi zikalia Tubmanburg, na tangu hapo kukawa na ULIMO-K ya Kromah na ULIMO-J ya Johnson. Shoka tunaliona sasa: vyeo vilifika siku zilezile tishio lilipopungua. Ni ukweli mchungu kwa mtu anayependa amani, kwamba mkataba wa kusitisha vita unaweza kuzaa vita vingine ndani ya kambi moja, lakini hesabu inautabiri.

Msomaji makini atauliza: kama shoka ni vyeo, kwa nini ufa ukapita palepale kwenye kabila? Kwa nini wasigawanyike vijana na wazee, au waliotoka Sierra Leone na waliotoka Guinea? Swali ni zuri, na sehemu ya jibu lake imetoka jirani yetu, Kampala.

Watafiti wanne, James Habyarimana, Macartan Humphreys, Daniel Posner na Jeremy Weinstein, waliwachukua wakazi wa eneo la Mulago na Kyebando jijini humo, wakawapa michezo ya pesa halisi. Walitaka kujua kwa nini watu wa kabila moja hushirikiana kwa urahisi kuliko watu wa makabila tofauti. Je, wanapendana zaidi? Wanataka vitu vilevile? Wanaelewana kwa lugha? Katika mchezo mmoja mtu alipewa pesa agawane na wengine. Alipojua kwamba hakuna atakayemwona, hakumpendelea wa kabila lake. Alipojua kwamba mpokeaji anamwona, mambo yalibadilika: hata wale waliokuwa wachoyo gizani waliwapa zaidi watu wa kabila lao. Upendo haukuwa umeongezeka. Walichotambua ni kwamba mtu wa kwenu akikutendea ubaya anafikika. Katika zoezi jingine mtu alipewa kazi ya kumtafuta mtu asiyemjua ndani ya mtaa, na kumpata wa kabila lake kulikuwa rahisi zaidi. Kabila, kwa hesabu hii, ni daftari la anwani. Linakuambia mtu ni wa nani, mama yake anaishi wapi, na ukidhulumiwa umwendee mzee gani.

Hamishia hilo msituni. Kamanda Mkrahn anaweza kumwamini askari Mkrahn kwa sababu akitoroka na bunduki anajulikana kwao. Kromah naye alikuwa na wafanyabiashara na masheikh wa kumfikia Mmandingo yeyote aliyeenda kinyume. Ndani ya kila nusu, ahadi zilikuwa na walinzi. Kati ya nusu na nusu hazikuwa nao isipokuwa hofu ya Taylor. Hofu ilipopungua, pale pasipo na mlinzi ndipo palipoachia kwanza. Zaidi ya hapo, siku ya kuchagua upande mtu hana muda wa kufanya utafiti, hutazama alama inayoonekana na kila mtu: lugha, jina, namna ya kusali. Vita vyenyewe vilikuwa vimewafundisha Waliberia wote kusoma alama hizo, maana kwenye vizuizi vya barabarani vya NPFL mtu alitakiwa aongee lugha fulani, na jibu lake liliamua kama angepita au angekufa.

Nyuzi za gogo nazo hubadilika kufuatana na ukubwa wa gogo. Daniel Posner aliwachunguza Wachewa na Watumbuka, makabila yanayokatwa na mpaka wa Malawi na Zambia. Mpaka uliwekwa na wakoloni, na pande zote mbili utamaduni ni uleule. Lakini Malawi makabila hayo ni washindani wa kisiasa, na Zambia ni washirika wanaoitana watu wa mashariki. Sababu ni hesabu tena. Malawi ni nchi ndogo kiasi kwamba kila moja ni kubwa vya kutosha kuwa mtaji wa kura. Katika Zambia yote mawili ni madogo mno, hayana faida yasipoungana. Tofauti ileile ya kiutamaduni hulala au huamka kufuatana na faida ya kuiamsha.

Kuna kipande kingine cha hesabu ya ULIMO kilichokuwa chini ya ardhi. Almasi huundwa kwenye kina cha kilomita 150 hivi au zaidi, ambako mgandamizo na joto hulazimisha kaboni ijipange upya, kisha milipuko ya kale huzipandisha juu kupitia mabomba ya mwamba. Mwadui, Shinyanga, ni bomba la namna hiyo: liko mahali pamoja, linazungushiwa uzio, linachimbwa kwa mitambo, na anayeshika lango ameshika mgodi. Magharibi mwa Liberia mambo ni tofauti. Mvua na mito ya mamilioni ya miaka imemomonyoa mwamba na kutawanya almasi katika kokoto za mabonde, kwa sababu uzito wake ni kama mara 3.5 ya ule wa maji, zaidi ya ule wa mchanga, hivyo huzama na kukaa pale maji yanapopunguza kasi. Kuzipata kunahitaji koleo, chekeche na mikono ya vijana. Hakuna lango.

Matokeo yake kisiasa ni makubwa. Kamanda anayeshika kona moja ya mto anajilipa mwenyewe, hahitaji makao makuu yamtumie mshahara. Katika lugha ya hesabu yetu, thamani ya kubaki peke yake imepanda kutoka sifuri. Mtu ambaye peke yake ana kitu hatishiki ukimwambia kwamba utamtoa kwenye muungano. ULIMO ilikuwa imekaa juu ya kokoto hizo tangu 1992.

Turudi kwenye vipimo, maana nadharia isiyojiweka hatarini haina thamani. Kama kabila ndilo gundi, kikundi cha kabila moja hakipasuki. Historia ya Liberia inasemaje? NPFL ya mwanzo ilitegemea sana Wagio na Wamano wa Nimba, na ndani ya miezi michache ilipasuka: Prince Johnson, mtu wa Nimba, alijitenga na Taylor, akaunda kundi lake, na ndiye aliyemkamata Doe Septemba 1990 na kumuua. ULIMO-J, iliyobaki ya Wakrahn kwa wingi, nayo ilipasuka mwanzoni mwa 1996, wakuu wake walipotangaza kumwondoa Roosevelt Johnson na kumweka William Karyee. Mwezi Aprili serikali ilipojaribu kumkamata Johnson, Monrovia iliteketea kwa wiki kadhaa. Lakini waliogombana kwanza, ndani ya ULIMO-J, walikuwa wanazungumza lugha moja.

Na kwa upana zaidi, Fearon na mwenzake David Laitin walichunguza vita vya wenyewe kwa wenyewe 127 vilivyoanza duniani kati ya 1945 na 1999. Ukishazingatia umaskini wa nchi, wingi wa makabila haukutabiri vita. Kilichotabiri ni serikali dhaifu, umaskini, na mazingira yanayowapa waasi pa kujificha. Sisi Watanzania, wenye makabila zaidi ya 120, tungepaswa kuwa wa kwanza kulikumbuka hili.

Kuna hesabu nyingine iliyowaponza wapatanishi. Cotonou, 1993, waliosaini walikuwa watatu. Mkataba wa Abuja wa Agosti 1995 ulisainiwa na wanane, na saba kati yao walikuwa na bunduki. Katika miaka miwili hiyo NPFL ilimzaa hasimu wake mwenyewe, Wakrahn wengine walikuwa chini ya Baraza la Amani la Liberia la George Boley, Lofa ilikuwa na kikosi chake, na ULIMO ilikuwa mbili. Ukitangaza kwamba kila mwenye bunduki atapewa kiti, umeweka bei ya kuanzisha kikundi, na watu husoma bei.

Je, nadharia hii inaeleza kila kitu? Hapana, na mfano wa kuisumbua upo. Wapiganaji wa zamani wa ULIMO waliungana upya dhidi ya Taylor aliyekuwa sasa rais, wakajiita LURD, wakavamia kutoka Guinea. Mwaka 2003 Wakrahn wengi walijitokeza na kikundi chao, MODEL, wakiingia kutoka upande wa Côte d'Ivoire. Vita vilikuwa havijaisha na vyeo vilikuwa havijagawiwa, lakini ufa ulipita palepale pa mwaka 1994. Sehemu ya maelezo ni kwamba mfadhili wa pili alikuwa amepatikana huko Côte d'Ivoire, kwa hiyo kujitenga kulikuwa rahisi. Sehemu nyingine ni kumbukumbu. Waliowahi kusalitiana hawaanzi upya wakiwa na karatasi nyeupe. Kabila, ambalo mwanzoni lilikuwa anwani tu, lilikuwa limeshakuwa rekodi ya nani alimfanyia nani nini. Sababu na matokeo hubadilishana viti, na hapa ndipo sayansi ya jamii inapokuwa ngumu kuliko ya mawe.

Mkataba wa Accra wa Agosti 2003 uligawa vyeo kama ilivyotangulia: wizara 5 kwa serikali ya zamani, 5 kwa LURD, 5 kwa MODEL, zilizobaki kwa vyama na asasi za kiraia. Lakini mwenyekiti wa mpito, Gyude Bryant, alikuwa mfanyabiashara asiye na kikundi, na mkataba ulimzuia yeye pamoja na mawaziri wake kugombea katika uchaguzi wa 2005. Kitu cha kugombania kilifupishwa kuwa miaka miwili. Na mlinzi wa ahadi aliletwa: askari wa Umoja wa Mataifa, walioidhinishwa kufikia 15,000, katika nchi ya watu milioni tatu hivi. LURD ilipasuka hata hivyo mwanzoni mwa 2004, safari hii kati ya mwenyekiti wake, Sekou Conneh, na mkewe Aisha, ambaye makamanda kadhaa walimtaka achukue uongozi. Kabila moja, dini moja, nyumba moja. Ugomvi ulibaki wa maneno, kwa sababu mizani ya bunduki haikuwa tena mikononi mwa mume wala mke. Ujumbe wa kulinda amani wa Umoja wa Mataifa ulimaliza kazi yake Machi 2018, na Liberia, yenye Wakrahn na Wamandingo walewale, haijarudi vitani tangu 2003.